Kioo Namba Kumi na Nne

Miaka kumi na mmoja nachomea vyuma Barabara ya Kumi na Mbili,
mkabala na karai la Bi Mwanamvua,
na hajapata hata siku moja kunitazama usoni.
Nampa hela, anatazama sikio langu.
Namwamkia, anaitikia nguzo ya umeme.
Nikasema: maringo.
Ngamiani nzima ikasema: maringo.

Kisha redio ikatangaza jua litapatwa Jumatano, saa nne asubuhi,
na ilipogonga saa tatu mlangoni kwangu pana foleni
kama ile ya siku za sukari ya mgao:
Shekue wa baiskeli, mafundi cherehani,
mwalimu wa madrasa, wanafunzi watatu watoro,
hata Kihiyo na Mbaruku
wasiosemezana tangu ugomvi wa mfereji.
Wote wanataka barakoa yangu ya kuchomelea.

Nikawaambia hapana.
Kioo changu cha kazi ni namba kumi,
kinatosha kwa cheche, hakitoshi kwa jua.
Nikachomoa kipande cha namba kumi na nne
nilichoazima karakana ya reli,
kipana kama viberiti viwili.
Kimoja tu. Watu arobaini.
"Hesabu mpaka tano, mpe jirani.
Usipokuwa na kioo, tazama miguu yako."
Wakacheka. Nani apange foleni atazame miguu?

Likaanza,
kama andazi lililong'atwa na mtoto mwenye haya.
Kihiyo akahesabu tano, akageuka,
jirani wa kumpa ni Mbaruku.
Akasita.
Akampa.
Mkono kwa mkono, bila salamu, lakini mkono.

Ndipo Hiza, mdogo wa wale watoro, akachoka kungoja zamu.
Akaokota kipande cha chupa,
akakipaka masizi ya sufuria,
akakiinua.

Bi Mwanamvua alivuka barabara kwa hatua nisizowahi kumwona nazo.
Akampiga mkono kwa chujio la maandazi,
chupa ikaruka, ikapasuka.
Akasema, macho yake kwenye nguzo ya umeme:

"Muheza, nina miaka saba.
Kipande hivyo hivyo. Masizi hayo hayo.
Halikuuma, mwanangu. Lingeuma ningeacha.
Kulipokucha nikamtazama mama, mama hana uso.
Ana ushungi, ana herini,
katikati doa, kama sarafu iliyobandikwa.
Mpaka leo.
Nikikutazama wewe, hupo.
Nikitazama pembeni yako, unakuja."

Hakuna aliyehesabu tano.
Macho hayana pazia, tunasema huku,
tunasema kama vile ni sifa.

Naye akaliinua lile chujio
juu ya ubao wake mweupe kwa unga,
na kila tundu likadondosha mwezi mchanga,
hilali arobaini zikitetemeka ungani,
zikatutosha wote, bila zamu.
Tukatazama chini. Tukagongana vichwa.
Hata kivuli cha mwarobaini kilijaa kucha za mwanga.
Mwalimu wa madrasa akaondoka na nusu ya watu
kwenda kuswali swala ya kusufi;
waliobaki wakawashikia nafasi zao kwenye foleni.

Adhuhuri jua lilikuwa jua tena, kali, halina habari na sisi.
Kioo kilinirudia na vidole vya mtaa mzima juu yake.
Karakana wamekiulizia mara mbili.
Sijakipeleka. Sijakifuta.

Kesho yake nikavuka kununua maandazi mawili.
Nikamwamkia.
Akaitikia nguzo ya umeme.
"Umenyoa," akasema.